Sentensi Niliyoimeza

Nina mwezi wa tatu sasa tangu nistaafu, na jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba sijazoea kusema "mimi" nikiwa na maana ya mimi. Ninyi wakalimani vijana mliokalia kiti changu mtanielewa. Mkimbizi akisema "nilikimbia", nawe unasema "nilikimbia". Akisema "nilizaa wanne wakabaki wawili", unasema hivyohivyo, na ndevu zako usoni. Nimezaa sana kazini. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, na mkuu wa ofisi akaongeza kwamba yawe ya kutia moyo. Nitajitahidi, ingawa ninalotaka kuwaambia limeninyima raha zaidi ya mwaka mzima, na linahusu kitabu.

Nilizaliwa Mabamba. Ukisimama kwenye kilima cha kwetu unaona moshi wa majiko ya Burundi, na siku za soko unasikia nani kagombana na nani kule ng'ambo. Kiha nilipewa na mama, Kirundi nilikiokota sokoni, Kiswahili nilichapiwa shuleni. Kiingereza nilijisomea kwenye kamusi moja iliyokosa kurasa za mwanzo, kwa hiyo kwa miaka mingi nilikuwa dhaifu katika maneno yanayoanza na A. Kwa mali hiyo niliajiriwa Kibondo, wakati watu walipokuwa wakivuka mto kila siku na ofisi haikuwa na midomo ya kutosha.

Siku ya kwanza nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mlinzi kufungua. Nilikuwa na hofu. Nasema hili wazi kwa sababu wengi wenu mnadhani hofu ni yenu peke yenu. Niliogopa neno moja. Niliogopa kwamba nitasema "walichoma" mahali pa "walitaka kuchoma", na mtu aliyetembea siku tano na watoto akarudishwa kwa sababu yangu. Hofu hiyo haikuniacha hadi siku mliyoniaga. Mlinipa godoro zuri, asanteni, ila usingizi hamkunipa.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Leokadia, mwanamke mfupi aliyewahi kuwa muuguzi. Aliniwekea viti vitatu pembetatu: ofisa, mkimbizi, mkalimani. Aliniambia nitazame daftari langu, nisitazame uso, kwa sababu uso unaomba na mkalimani hana cha kutoa. Usiongeze, usipunguze. Mvua ikipiga bati, simamisha mahojiano. Usibahatishe ulichosikia nusu. Jioni karatasi zote zinachomwa kwenye kopo. Na nje ya ofisi, ukikutana na mtu uliyemtafsiria, usimsalimu wewe kwanza. Huenda yuko na wenzake, naye hataki waulize mmejuana wapi.

"Sisi ni bomba, Deo," alikuwa akisema. "Maji yanapita. Bomba halinywi."

Nilimwamini. Nikawa hodari wa kusahau. Nilikuwa nikifika mlangoni nakung'uta kichwa, na kesho yake sikumbuki hata jina. Lakini katika mwaka wa pili nilitenda kosa kubwa kuliko yote niliyotenda kazini, na kwa kuwa nilikuwa hodari wa kusahau, nalo nililisahau. Nitalisema tukifika mahali pake, ili mwone lilivyonirudia.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Kasulu, na huko nikaanza kuandika hadithi. Msiniulize kwa nini. Nadhani mtu anayesema maneno ya watu kutwa nzima hufika mahali akataka kujua kama na yeye anayo yake. Nilinunua daftari kwenye duka la Bwana Swalehe, mfanyabiashara ambaye baba yake alikuja na biashara ya nguo kutoka Tanga akasahau kurudi. Swalehe anauza kalamu, madaftari na misahafu, na anasoma kila kilichoandikwa, hata maelezo ya dawa ya kunguni. Nilimpa hadithi yangu ya kwanza kwa woga mwingi. Aliisoma akiwa amesimama, huku akihudumia wateja.

"Deo," akasema, "mbona watu wako wote wanajibu wanachoulizwa?"

"Si ndiyo adabu?"

"Adabu ya mahakamani hiyo. Wewe nenda kamuulize mke wangu chakula kiko wapi, uone kama hatakwambia habari za dada yake."

Nilikasirika, kisha nikaenda sokoni kusikiliza, nikakuta ni kweli tupu. Mteja anauliza bei ya dagaa, muuzaji anajibu kwamba mvua ya mwaka huu ni ya ajabu, na wote wawili wanaelewana. Nikajipa zoezi: mazungumzo ya kurasa mbili ambamo hakuna anayejibu swali. Nililifanya kwa miezi. Kosa langu la pili, kwa mujibu wa Swalehe, ni kwamba kila hadithi ilianza na jina kamili la mhusika, kijiji alichozaliwa na idadi ya watu wa kaya. "Hii si hadithi," alisema, "hii ni fomu." La tatu ndilo lililonitesa zaidi. Sikuweza kuongeza. Hadithi ilihitaji mbuzi, na mbuzi hakuwepo, na mimi nilikuwa nimekatazwa kuongeza kwa miaka yote ile. Mbuzi wa kwanza niliyemwongeza alininyima raha siku mbili. Nilijiona kama mtu aliyetoa ushahidi wa uongo.

Riwaya yenyewe niliianza baadaye. Ilimhusu mwanamke niliyemwita Yasinta, aliyekimbia kwao akiwa na mtoto mgongoni. Niliandika alfajiri, kabla gari la ofisi halijapita kunichukua, nusu ukurasa kwa siku, na siku nyingine sentensi moja ambayo kesho yake niliifuta. Mchwa walikula sura ya pili. Nilisikitika, kisha nikaisoma tena ile iliyosalia kichwani, nikaona mchwa hawakukosea. Kwa muda mrefu niliogopa kwamba nitakufa nikiwa mtu aliyekuwa akiandika kitabu. Kasulu wapo kadhaa wa namna hiyo, na tunajuana.

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, asubuhi moja, sura niliyokuwa nimeshindwa nayo ilikuja yenyewe. Yasinta anapaswa kuondoka mara moja. Mume amekwisha kuuawa. Nyumbani kuna mama mkwe wake, bikizee asiyeona, miguu imevimba, hawezi kutembea. Yasinta hawezi kubeba mtoto na bikizee. Basi anamketisha mlangoni, anamwekea mapajani ungo wa maharage na kumwambia, "Mama, yachambue haya, mimi naenda kuchota maji, nikirudi tupike." Bikizee anaanza kuyachambua. "Usichelewe," anasema, "moto utazima." Yasinta anaondoka na mtoto mgongoni na furushi la nguo kichwani, na harudi.

Niliiandika bila kufuta neno. Nikampelekea Swalehe. Aliposoma alifunga ubao mmoja wa duka, jambo ambalo halifanyi hata wakati wa kula.

"Hapa umeandika," alisema. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Umeitoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwa hiki hiki cha fomu?"

Tukacheka. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto uzeeni.

Siku mbili baadaye nilikuwa njiani kwenda Kibondo kikazi. Gari lilisimama watu wanunue ndizi, na mimi nikawa nairudia ile sura moyoni, kwa majivuno. Ghafla nikaisikia ile sentensi ya bikizee kwa Kirundi. Usichelewe, moto utazima. Kwa Kirundi, na kwa sauti ya mwanamke. Majivuno yakaniisha. Maana mimi hutunga kwa Kiswahili; sijawahi kutunga hata mstari mmoja kwa Kirundi. Kwangu Kirundi ni lugha ya kusikiliza. Kinachonijia kwa Kirundi si changu, nimeambiwa na mtu.

Gari lilipoondoka tena nilikuwa nimekwisha kumkumbuka. Nitamwita Mama Butoyi, ambalo si jina lake. Alikuja ofisini Kibondo katika ule mwaka wangu wa pili, na mtoto mgongoni. Ofisa alikuwa dada mmoja kutoka nje, mgeni katika kazi, mwenye kuandika kila kitu. Aliuliza: mlitoka nyumbani watu wangapi? Mama Butoyi akajibu, "Wawili, mimi na huyu." Kisha, bila kuulizwa, akasimulia habari ya mama mkwe wake na ungo wa maharage. Akaisema yote, polepole, akilia.

Nami nikamwambia ofisa, "Wawili."

Nilimeza yaliyosalia. Mpaka leo nikijitetea nasema niliogopa yataandikwa kwenye faili na faili litamfuata kokote aendako. Huenda ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba niliona haya, maneno hayo yangepita kwenye mdomo wangu kwa "mimi": nilimdanganya, nilimwacha. Sikuweza kuyasema. Ofisa akauliza mbona analia. Nikasema amechoka. Akasema, mwambie tunakaribia kumaliza. Nikamgeukia Mama Butoyi na kumwambia avumilie, kwa Kirundi: "Anasema ihangane, mama. Umefika."

Kwa hiyo nilipunguza na nikaongeza, yote katika dakika moja. Na miaka ile yote nilijitesa kwa ajili ya mbuzi.

Nilijaribu kuiokoa riwaya bila sura ile. Mahali pa maharage niliweka ukili, bikizee anasuka mkeka. Nikamfanya afe usiku wa kuamkia safari. Nikamwondoa kabisa. Swalehe alisoma majaribio yote matatu, akarudisha daftari. "Humu kuna mtu umemtoa," alisema, "na nyumba imeanguka." Sikumweleza. Nilikuwa na kitabu kilichobakiza sura moja kuisha, na sura hiyo ilikuwa siri ya mtu niliyeapa kumtunzia. Nilikosa hamu ya kula. Mke wangu alidhani ni hofu ya kustaafu, nikamwacha adhani hivyo.

Nilijua anakoishi, maana uso wake sikuusahau, nilisahau maneno yake. Aliolewa tena na mgane wa Kagerankanda, mtoto wa watu waliokuja zamani wakapata uraia, na mara nyingi nilikuwa nikimwona sokoni Kasulu akiuza unga wa muhogo. Mimi, kwa sheria ya Bi Leokadia, sikumsalimu kwanza. Lakini yeye kila mara alivuka njia kunisalimu, kwa mikono yote miwili, na sikuwahi kujiuliza sababu. Wiki mbili baada ya ninyi kuniaga, nilichukua daftari nikaenda.

Nilimkuta uani anaanika muhogo.

"Amahoro, Baba Mkalimani," akasema. "Leo umepotea njia?"

"Amahoro, mama. Nimekuja kwako."

Alinipa kigoda. Nilimwambia nimeandika kitabu, na kwamba kuna mahali nataka asikie. Nikafungua daftari nikamsomea, nikiyageuza maneno kwa Kirundi kadiri nilivyosoma. Nilipofika "moto utazima" aliacha kuanika. Nikamaliza.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Ego, mama, ni wewe. Naapa niliiandika nikidhani nimetunga. Baadaye ndipo nikakumbuka. Nimekuja kuomba. Ukikataa, naichana hapa hapa."

Uso wake ukawa mwepesi, jambo ambalo sikulitegemea.

"Andika tu. Unaniomba nini? Mimi hayo nilishayasema mbele ya ofisi. Yule dada akayasikia yote, hakunifukuza. Akasema ihangane, umefika. Neno lile, baba, ndilo nimelalia miaka yote hii. Nikianza kumwona mabukwe, mama mkwe wangu, pale mlangoni, najiambia, waliambiwa, wakanipokea. Na wewe ndiye uliyenitamkia. Unafikiri sokoni nakusalimu kwa sababu gani?"

Nilikuwa nimepata nilichokifuata. Ningefunga daftari, nishukuru, ninywe uji, niondoke, na kitabu kimekwisha. Niliwaza hivyo, sifichi. Niliwaza pia kwamba kumwachia neno lake ni huruma. Lakini ruhusa ile alikuwa amenipa kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea, na aliyekitunga ni mimi.

"Mama," nikasema, "yule dada hakusikia. Sikumtafsiria."

"Hukumtafsiria nini?"

"Habari ya mabukwe. Nilimwambia wawili, basi. Ndiyo iliyoandikwa. Wawili."

Aliutazama muhogo. Akageuza kipande, akageuza kingine.

"Na ile ihangane?"

"Ilikuwa yangu."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema tunakaribia kumaliza."

Sijui kama nimewahi kujichukia kama dakika ile. Alijifuta unga mikononi taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Basi sijasema bado," akasema. "Nimezeeka, na sijasema."

Nikaanza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Niachie hilo daftari. Yozefu anajua kusoma."

Yozefu ndiye yule mtoto wa mgongoni. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi Rungwe Mpya, mtu mzima mwenye watoto.

"Mama, akikusomea atajua."

"Ndiyo sababu nakuambia uniache nalo."

Nikaliacha, na nakala nyingine sikuwa nayo. Nilirudi nyumbani nikakaa karibu mwezi mzima bila habari. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilinisimamisha. Niliogopa kwamba nimemuua yule mama kwa kumnyang'anya kitu alichokilalia. Niliogopa kwamba mwanawe amemfukuzia mbali. Na nisiwadanganye, niliogopa pia kwamba daftari limetumika kuwashia moto. Hofu zote tatu zilikaa pamoja, na sikuweza kuichagua iliyo safi.

Yozefu alikuja siku ya Jumamosi, kabla ya mchana, daftari likiwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilimkaribisha kiti.

"Nitasimama tu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Alilala siku mbili, hataki chakula. Sasa analima." Alikuwa akitazama ukuta. "Nilimsomea mara tatu. Mara ya kwanza niliishia katikati nikatoka nje. Mimi siku zote niliambiwa bibi alikataa kuondoka. Nimewaambia hivyo hata watoto wangu."

"Samahani, mwanangu."

"Wewe ulijua."

"Nilijua, nikasahau."

"Bora ungesema ulijua, ukaishia hapo."

Yozefu akaweka mfuko mezani.

"Mama anasema umalize kitabu. Ingekuwa mimi, ningekataa. Lakini si langu." Akaaga kwa heshima zote, akawasha pikipiki akaondoka.

Nilifungua daftari nikiwa nimesimama. Alikuwa amelisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama daftari la mwanafunzi. Mahali popote nilipoandika "bikizee" palikuwa pamekatwa, na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, limeandikwa jina la bibi yake. Nilihesabu, yalikuwa kumi na moja. Makosa yangu mengine ya lugha aliyaacha kama yalivyo.

Kulikuwa na sahihisho la kumi na mbili. Palepale nilipoandika "asiyeona", neno lilikuwa limepigiwa mstari, na pembeni ameandika: Alikuwa anaona kidogo. Mama anasema uandike hivyo.

Nilikaa chini. Nikamwona tena Yasinta wangu anavyoondoka, mtoto mgongoni, furushi la nguo kichwani, mikononi hana hata mtungi. Mtu hendi kuchota maji hivyo. Naye yule mama aliyeketi mlangoni na ungo mapajani alikuwa anamtazama, akamwambia asichelewe.

Nikafuta neno langu nikaandika la kwao. Asubuhi hiyo kitabu kikaisha.